Mate ya Shangazi

4 Februari

Shangazi,

Shikamoo. Natumai barua hii inakukuta mzima, na kwamba kile kikohozi ulichokuwa nacho siku ya mazishi kimekuachia. Mimi sijambo. Mama naye hajambo, anakusalimu ingawa hamjawahi kuonana. Bado anapika kwenye shule ileile na bado anagombana na mwalimu mkuu kuhusu masufuria. Mimi kazini kwetu tumehamia ghorofa ya juu, juu ya duka la miwani. Kama hukuambiwa, mimi ni fundi wa meno ya bandia. Vumbi letu la plasta linateremka ngazi lenyewe, na mwenye duka la miwani anapanda kila siku kulalamika. Tumemzoea. Asipopanda tunamuulizia.

Nilijaribu kukupigia simu. Kila mara ulisema "Paza sauti!", nikapaza hadi mafundi wenzangu wakajua mambo yangu yote, na wewe, ukidhani mimi ni mteja, ukaishia kuniambia kwamba kufuli za aina hiyo zimekwisha kibandani. Kwa hiyo naandika.

Siku ya kumzika baba, kaka yenu Mkubwa alinisimamisha getini akaniambia mbele ya watu kwamba familia hainifahamu, nikakae na majirani. Nikakaa na majirani. Wewe ulikuja ukanishika mkono, ukarudi kwa wenzako. Mkono huo ndio unaonipa ujasiri leo.

Jambo lenyewe ni hili. Baba hakumwoa mama, na jina lake halimo kwenye cheti changu cha kuzaliwa. Alikuwa anakuja kwetu kila mwisho wa mwezi, anakagua madaftari yangu, analala, anaondoka asubuhi. Nilimjua na alinijua. Lakini karani wa mahakama anayeshughulikia mirathi hana habari na nani alimjua nani, anataka uthibitisho. Kwa kuwa baba hayupo, maabara wanasema watapima DNA yangu pamoja na ya ndugu aliyezaliwa naye. Watachukua na ya mama, ili wajue kipi nilichopewa na mama na kipi kimetoka upande wa pili. Waliniuliza kama kuna kitu chake kilichobaki, mswaki, wembe, kitana. Nikaulizia huko kwenu, nikaambiwa Mkubwa alichoma kila kitu mara tu baada ya mazishi. Kitu pekee ninachojua kilikaa mdomoni mwake ni jino la mbele la juu, nililomtengenezea kwa mkono wangu, na amezikwa nalo. Hakimu anaweza kuamuru kaburi lifukuliwe. Mimi sitaomba hilo.

Mkubwa amekataa kupimwa. Ila juzi mbele ya karani alilainika ghafla. Akasema, "Mimi mgonjwa wa presha mnanihangaisha ya nini? Mpimeni dada yetu. Kipimo kikisema huyu binti na dada yetu ni damu moja, mimi sina neno. Kikisema siyo, basi aache kutusumbua." Nilishangaa alivyokuwa mpole. Karani akaandika hivyohivyo.

Kwa hiyo Shangazi, nakuomba mate yako. Hawachomi sindano, wanakusugua ndani ya shavu kwa kijiti cha pamba, basi. Nisikufiche ninachotaka. Nataka jina la baba yangu kwenye cheti changu na nihesabiwe mtoto wake, maana hakuzaa mwingine. Kile kibanda cha baba cha funguo unachokiendesha sasa na chumba cha nyuma, sheria ikinipa nitapokea, sitajifanya sivitaki. Lakini jina kwanza.

Mimi,
mtoto wa kaka yako


1 Machi

Mwanangu Fundi Meno,

Marahaba, marahaba sana. Kikohozi kimeniachia, kimehamia kwenye goti. Msalimu mama yako, mwambie kuhusu masufuria asikubali kushindwa.

Hapa kibandani kazi ipo. Mashine ya baba yako ilikuwa inatetemeka kama ina homa, nikabadilisha mkanda mwenyewe, sasa imetulia. Watu bado wanakuja kumuulizia. "Kitasa yuko wapi?" Unajua mtaa mzima ulimwita Kitasa, kwa sababu ya kazi na kwa sababu mdomo wake haukufunguka ovyo. Nawaambia Kitasa kapumzika. Wengine wanaelewa, wengine wanasema watarudi kesho.

Wiki iliyopita kaja bwana mmoja, anataka nimchongee ufunguo wa nyumba ya mkewe, lakini ufunguo wenyewe hana. Nikamuuliza nichonge kwa kuangalia nini? Akasema kwa kumbukumbu yake. Ananichorea kwa kidole hewani: unapanda hivi, unashuka hivi. Nikamwambia bwana, mimi nachonga funguo, sipigi ramli. Kakasirika kaondoka, kesho yake mkewe kaja kubadilisha kitasa kizima. Nikamfanyia kwa moyo mkunjufu.

Mvua inatishia hainyeshi. Bati la juu ya mashine linahitaji msumari. Mkubwa anapita hapa kila Jumapili kukagua, anagusa hiki, anagusa kile, kama mtu anayenunua ng'ombe.

Lile jambo lako nimelisoma. Nimelisoma na kulirudia.

Shangazi yako


15 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Nimefurahi kusikia goti ndilo linalosumbua na si kifua. Mama amecheka sana kuhusu bwana wa kumbukumbu. Sisi tuna mteja wa namna hiyo, anataka meno yafanane na aliyokuwa nayo alipokuwa kijana, na picha aliyoleta amefunga mdomo.

Umeniandikia habari za kibanda, mkanda na bati. Kuhusu nilichokuomba umesema umekisoma. Sijui nikichukulie ni ndiyo au siyo.

Labda ni safari inayokutatiza, ukizingatia goti. Nimeongea na maabara. Wamekubali kuanza na kipimo cha kujiridhisha tu, kisicho cha mahakama, halafu matokeo yakiwa mazuri tutakwenda mbele ya shahidi kwa kile cha rasmi. Ndani ya bahasha hii kuna vijiti vya pamba. Usile wala usinywe kitu kabla, sugua ndani ya mashavu yote mawili, acha vikauke, rudisha kwenye karatasi yake. Mama ameshatoa vyake. Aliposuguliwa alimwambia yule wa maabara, "Mimi namjua baba wa mtoto wangu, mngeniuliza tu." Wakamwambia mama, utaratibu. Akasema utaratibu haukuwepo usiku ule.

Nasubiri.

Mimi,
mtoto wa kaka yako


20 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Nisamehe kuchelewa, posta walifunga kwa ukarabati, halafu mimi nikawa na fizi. Upande wa kushoto wote umevimba, hata chai naipooza. Wewe wa meno utajua dawa yake. Kwa hali hii vile vijiti vyako sikuthubutu, nisije nikakuletea usaha badala ya mate.

Lakini nilikuwa nafikiri. Kwa nini mimi? Mimi mwanamke, mzee, mate yenyewe machache. Ukitaka kitu cha upande wa baba yako, nenda kwa mwanamume mwenzake. Mng'ang'anie Mkubwa. Mwambie hakimu amlazimishe. Mkubwa ana mate mengi, ukiongea naye unahitaji mwavuli.

Bati nimepigilia msumari. Mama yako mwambie nimempenda.

Shangazi yako


2 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Fizi suuza na maji ya chumvi ya uvuguvugu asubuhi na jioni, na ukiweza onana na daktari wa meno. Uvimbe wa kweli hauchukui muda mrefu hivyo bila kukupeleka hospitali.

Nasema kweli, barua yako iliniumiza. Hakimu hatamlazimisha Mkubwa wakati Mkubwa ameshamtaja ndugu mwingine aliye tayari. Nilimuuliza karani. Akasema, "Dada mtu yupo, ni mzima, anaishi hapa mjini, shida iko wapi?" Ameniambia jalada linafungwa mwisho wa Juni. Kama hakuna kipimo, mirathi itagawanywa kwa ndugu wa marehemu, yaani Mkubwa na wewe, na mimi nitabaki mtu aliyekaa na majirani.

Naanza kuwaza vibaya na sipendi. Nawaza kwamba mtoto asipokuwepo, kibanda ni chenu. Mama ananiambia nisikufikirie hivyo. Mama hakuwahi kukuona, amekupenda kwa habari za mwavuli tu. Mimi ulinishika mkono. Niambie basi kavukavu kama hutaki.

Mimi


19 Mei

Mwanangu,

Umenisema na nimesemeka.

Ndani ya karatasi hii ya nailoni kuna vijiti vya kuchokonolea meno vilivyotumika. Vijiti vyako vya pamba vilinitia kichefuchefu, lakini nimesikia kwamba hata hivi maabara wanaweza kuvitumia. Wapelekee. Usiwaulize maswali na mimi usiniulize. Wakikwambia mmefanana damu, nenda nayo kwa hakimu umwambie sasa anataka nini tena.

Salimia mama. Kazi ipo, wanafunzi wa bweni wamepoteza funguo za makabati yao kwa mkupuo, kama waliambiana.

Shangazi yako


11 Juni

Shangazi,

Shikamoo.

Nilivipeleka vijiti vyako siku ileile nilipovipata. Niliomba ruhusa kazini, nikaacha seti nzima ya meno ya mzee mmoja ikiwa haijasuguliwa, nikakimbia. Nilifurahi, nikamnunulia mama kanga.

Jana waliniita. Mwanamke wa maabara alifunga mlango, akaniuliza hii sampuli ni ya nani. Nikamwambia ni ya shangazi yangu. Akaniuliza, una uhakika? Nikamwambia nina uhakika, kanitumia mwenyewe. Akageuza karatasi akanionyesha. Mwenye mate haya ni mwanamume.

Akasema wamesimamisha kila kitu. Hawawezi kumpima mtu ambaye hawajui kama amekubali, na wakaniangalia kama tapeli. Mimi niliyekuwa nawaomba kwa miezi waniamini. Nilitoka pale nikashindwa hata kupanda basi, nikatembea.

Sijui umenifanyia mchezo gani. Kama hukutaka, ungesema hutaki. Kwa nini unipelekee mate ya mtu wa barabarani? Jalada linafungwa mwezi huu. Sina pengine pa kwenda, na huenda ndicho ulichotaka.

Sitaandika tena mpaka uniambie ukweli.


17 Juni

Mwanangu,

Safari hii sitaanza na goti.

Vijiti vile si vya mtu wa barabarani, ni vya Mkubwa. Jumapili alipokuja kukagua nilimkaribisha nyama ya kuchoma, na Mkubwa akila nyama hawezi kuinuka bila kuchokonoa meno. Akavitupa sakafuni kama kawaida yake. Alipoondoka nikaviokota kwa koleo. Nimefungua milango mingi kwa ruhusa ya wenyewe, huo mmoja nilitaka kuufungua bila ruhusa. Sikujua kwamba mate yana ndevu. Ningejua, ningekwambia ni vya Mkubwa, lakini ningekwambia ungeuliza kwa nini si vyangu.

Sasa uliza, nakujibu. Mate yangu yangekuangamiza.

Mimi sikuzaliwa na wazazi wa baba yako. Mama, nitamwita mama kwa sababu sina mwingine, alikuwa anafua mashuka ya wadi ya wazazi. Aliyenizaa alifariki siku hiyohiyo, na hakuna mtu aliyekuja kuniulizia. Mama akanichukua, baba akakubali, nikaandikwa wa kwao, na halikuzungumzwa tena ndani ya nyumba ile. Mkubwa alikuwa ameshaanza shule. Aliona mama hakuwa na tumbo, na akaona mtoto. Akakaa nalo. Siku tuliyomzika baba yetu alinikuta jikoni nasuuza vikombe, akaniambia, "Wewe kaa ukijua si wa hapa. Siku ukinikera, nitasema." Nikamaliza vikombe.

Nilimwambia baba yako. Yeye alizaliwa nyuma yangu. Akaniambia, "Mimi nilikuja nikakukuta umo ndani. Kama kuna mgeni baina yetu ni mimi." Akarudi kwenye mashine yake. Kwa Kitasa hayo yalikuwa maneno mengi.

Unaona sasa kwa nini Mkubwa alikuwa mpole mbele ya karani. Alijua ningepimwa, maabara wangesema wewe na mimi hatuhusiani kabisa, karani angegonga mhuri, na wewe ungebaki mwongo maisha yako yote. Halafu siku yoyote angenigeukia mimi. Mimi najua wewe ni mtoto wa Kitasa. Alinionyesha picha yako ukiwa huna meno ya mbele, akaniambia, "Huyu wangu," na Kitasa hakuwa mtu wa kujisifia kitu kisicho chake. Ndiyo maana nilikupiga chenga. Fizi zangu ni nzima.

Kwa nini sikusema mapema? Niliogopa, mwanangu. Nalala kwenye chumba cha Kitasa, nachonga kwa mashine ya Kitasa, na mtaa mzima unaniita dada yake Kitasa. Sina mume, sina mtoto, sina kingine ninachoitwa. Nilidhani naweza kukusaidia bila kukipoteza hicho.

Barua yako ilipofika nilisoma pale uliposema ulitembea kwa miguu. Leo asubuhi nikafunga kibanda nikaenda kwa karani. Kijana mzuri, ila anagonga mhuri kabla hajasoma. Nikamwambia, "Weka mhuri chini uandike. Mimi si ndugu wa damu wa marehemu. Nililelewa. Aliyezaliwa naye baba mmoja mama mmoja amebaki mmoja tu, naye ndiye aliyenisukuma mbele huku akijua." Akaacha mdomo wazi. Akaniuliza kitu, nikamwambia apaze sauti. Akarudia kwa nguvu hadi foleni yote iliyokuwa nje ikanyamaza, "Mama, una uhakika unataka hili liandikwe?" Nikasema ndiyo. Akaandika, nikatia sahihi.

Hakimu amesoma mchana huuhuu. Jalada halifungwi. Mkubwa ameitwa akatoe mate hospitalini mbele ya shahidi, na akikataa kukataa kwake kutahesabiwa dhidi yake. Nenda na mama yako.

Nilipokuwa natoka, watu wa foleni wananifahamu, nimewachongea funguo. Walinipisha njia. Sikupenda walivyonipisha.

Haya. Kwa mambo ya mate hunihitaji tena.

Fundi wa funguo


6 Agosti

Shangazi,

Shikamoo. Barua yako niliisoma kwenye ngazi, mikono ina plasta. Mwenye duka la miwani alipanda kulalamika akanikuta nalia, akateremka na malalamiko yake. Nilitaka kukujibu siku hiyohiyo nikaona nitaandika upuuzi, na sikutaka kukwambia chochote mpaka niwe na cha kukwambia. Nimekukosea kwa niliyowaza mwezi wa tano. Mama alikuwa sahihi na hajaacha kunikumbusha.

Mkubwa alikuja hospitalini amevaa suti. Alifungua mdomo kama mtu anayefungua pochi yake kwa mwizi. Nilimtazama meno, ni kazi yangu, siwezi kujizuia. Jino lake la juu la pembeni limegeuka kidogo kuelekea ndani, vilevile kama la baba na vilevile kama langu. Huo si ushahidi wa mahakama, lakini nilitulia kuanzia hapo.

Majibu yametoka. Wamelinganisha mimi, mama na yeye. Wanasema kwa ndugu wa baba hawawezi kusema kwa uhakika ambao wangeusema kwa baba mwenyewe, ila uwezekano kwamba huyu ni ndugu wa baba yangu ni mkubwa mno, na kwamba tusiwe na uhusiano ni mdogo sana. Hakimu alikuwa pia na maelezo ya mama, na picha, na maneno yako. Ameridhika. Cheti changu kinarekebishwa na jina la baba linaingia, na kibanda na chumba nimepewa mimi. Mama alipoambiwa alisema, "Si niliwaambia," akaendelea kukatakata vitunguu, halafu akaviacha akakaa chini.

Sasa nikwambie yaliyotokea nje ya ofisi ya karani. Mkubwa aliniita pembeni, akanishika bega. Akaniambia, "Sasa wewe ni damu yetu, hilo limekwisha. Tuongee kama watu wa nyumba moja. Yule mwanamke kakiri kwa mdomo wake mwenyewe kwamba si wetu. Hana haki kwenye kibanda wala chumba. Atoke. Mimi nitakusaidia kukodisha kwa mtu wa maana, wewe uko mbali, huwezi kusimamia." Alikuwa na karatasi mfukoni, imeshachapwa.

Nikamwita baba mkubwa. Ndivyo alivyo, maabara wamesema, lakini neno lilinikaa mdomoni kama jino lisilopimwa vizuri. Nikamwambia, "Baba mkubwa, wewe ndiye uliyenikalisha na majirani. Yeye ndiye aliyenifuata huko. Kibanda kilikuwa cha baba yangu, sasa ni changu, na atakayetoka nitamwambia mimi." Akasema nitajuta. Akaniuliza nitamweka mtu baki kwenye mali ya baba yangu kwa kigezo gani. Sikuwa na kigezo, Shangazi. Nilikuwa na hasira tu. Nikamwambia sitii sahihi, nikaondoka.

Nimefikiria njia nzima ya kurudi. Ulijua. Ulipomwambia karani aandike, ulijua kwamba ukifanya hivyo mimi nakuwa mtoto na wewe unabaki bila chochote, na hukuniomba hata neno moja la ahadi. Sijui kuchonga funguo. Sijui hata mkanda wa mashine unawekwaje. Lakini mahakama inasema mimi ndiye mwenye kibanda, kwa hiyo natumia cheo hicho mara moja, na sitarajii kukitumia tena kwako. Usitoke. Chumba ni chako, mashine ni yako kuitumia mpaka utakapochoka mwenyewe. Karani nimemwandikisha hivyo, na nimemlazimisha asome kabla ya kugonga mhuri.

Mwisho wa mwezi nakuja na mama. Na usiniandikie tena "Fundi wa funguo" chini ya barua. Mafundi wa funguo ni wengi.

Mtoto wa kaka yako


20 Agosti

Mwanangu,

Marahaba. Nimelia, nakwambia ili usije ukauliza. Nilifunga kibanda nikalia, halafu nikafungua.

Sikutoka. Mkubwa alipita Jumapili, hakuingia. Nikamsalimia mimi, akaitikia kwa kidevu. Mtaani wanajua, foleni ile ina midomo. Kuna walioacha kuniita dada yake Kitasa, wananiita mama tu, kwa uangalifu, kama wanagusa chombo chenye ufa. Inauma, sitakudanganya. Wengine hawajali, wanataka funguo zao.

Kitanda cha wageni sina, ila nimeazima godoro kwa jirani. Mama yako atalala kitandani kwangu, mimi na wewe chini. Njooni na nguo nzito, asubuhi kuna baridi.

Jana kaja mteja mgeni, kahamia hapa karibuni. Nikiwa nachonga akaangaliaangalia, akaniuliza kama kibanda ni changu. Nikamwambia hapana, mwenyewe yuko mbali, anatengeneza meno ya watu, anakuja mwisho wa mwezi. Akauliza ni nani wangu. Nikamwambia ni mtoto wa marehemu kaka yangu, mimi ni shangazi yake. Nikazima mashine, nikasubiri.

Akasema, "Ah, sawa." Akaujaribu ufunguo kwenye kufuli yake, ukafungua, akanishukuru akaenda zake. Hakuniomba uthibitisho wowote.

Shangazi yako